Kosa liko kwenye "ili"

SWALI: Nasomea uuguzi. Tumepewa kazi ya kuandaa bango la afya, nikaandika: "Mishipa ya fahamu hupeleka umeme kwenye moyo ili upige." Mwenzangu anadai "mishipa" itawachanganya watu, tuandike "neva". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Ila kosa kubwa la sentensi hiyo haliko kwenye nomino, liko kwenye kale ka-"ili".

Nomino tuimalize haraka. Mshipa umebebeshwa mengi: damu inapita humo, na Pwani ukisema fulani ana mshipa, wasikilizaji wanafikiria ugonjwa wa ngiri. "Fahamu" nayo ina utata. Aliyezimia tunasema amepoteza fahamu, lakini neva za moyo wake bado ziko kazini, kama zinavyokuwa kazini sisi tukiwa tumelala fofofo. Andika "neva".

Sasa "ili". Ukisema neva hupeleka umeme ili moyo upige, umemwambia msomaji kwamba bila neva moyo haupigi. Si kweli. Umeme wa moyo huzaliwa moyoni mwenyewe, kwenye kifundo kidogo kilicho ndani ya chumba cha juu kulia, ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907. Kikiachwa peke yake hupiga takriban mara 100 kwa dakika. Neva ya vagasi ndiyo inayokishika breki, tukiwa tumetulia tunapata mapigo 60 hadi 80 hivi. Vagasi hiyohiyo huuchelewesha umeme kwenye kifundo cha pili, unapotoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Neva za kundi jingine hufanya kinyume: ukishtuka, zinaongeza mwendo na kuuharakisha umeme njiani. Ushahidi mzuri ni mtu aliyepandikizwa moyo. Neva zimekatwa, moyo unapiga, tena kwa kasi kuliko wa kawaida. Ila akipanda ngazi unachelewa kuitikia, kwa sababu unasubiri homoni zifike na damu.

Kwa hiyo vitenzi kama "huendesha" na "huamuru" navyo viepuke. Chagua "huharakisha", "hupunguza mwendo", au ukitaka kimoja cha kubeba vyote, "hurekebisha".

Kinachonifurahisha ni kwamba lugha ya mtaani haijawahi kukosea hapa. Husemi "niliuendesha moyo mbio". Unasema "moyo ulinienda mbio", "moyo ulinidunda": moyo ndio mtenda, na wewe mwenye moyo umebaki kiambishi cha -ni- katikati ya kitenzi, ukitendwa tu.

Bango lako ningeliandika hivi: "Moyo huzalisha umeme wake wenyewe, neva huuongezea au kuupunguzia mwendo."