Shule inayolea tabia: kabla ya kuuliza fimbo, fungua daftari uone masahihisho

Dada, karibu Mwanza. Kwa wasiosoma uzi tangu juu: dada anahamia huku kikazi kutoka Tanga, kijana wake anaingia darasa la tatu na binti yuko la sita. Anatafuta shule itakayowalea watoto wawe na maadili, na ndugu wamemshauri atafute "shule yenye fimbo" au awapeleke bweni.

Waliotangulia wamekutajia majina ya shule. Mimi sitataja jina, maana mwalimu mkuu akihamishwa Desemba, Januari unakuta shule nyingine kabisa. Nitakueleza cha kuangalia. Nimefundisha hisabati na sayansi shule za msingi, kwanza ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Kayenze, baadaye mjini, na nimekaa kwenye kamati ya shule wanayosoma wanangu. Jambo hili naliwaza kila siku.

La bweni halina mjadala mrefu. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kijana wako ni wa kurudi nyumbani jioni. Na hata binti, kama sababu ni maadili peke yake, mimi ningemwacha alale kwako.

Sasa twende kwenye lenyewe. Ukifika shuleni, omba kuona daftari la hisabati la mtoto yeyote wa darasa la nne au la tano. Lisiwe lile wanalokuchagulia. Fungua kurasa za katikati. Usihesabu vema na mikasi, tazama masahihisho. Shule nyingi mwalimu anaandika majibu ubaoni, watoto wananakili, wanaandika "Masahihisho" kwa wino mwekundu na kupiga mstari kwa rula, mwalimu anasaini, kazi imekwisha. Mtoto aliyepitia hayo miaka saba amejifunza kwamba kosa ni uchafu wa kufunika haraka, na kwamba mkubwa haulizi lilitokea wapi mradi ukurasa umekaa vizuri. Tabia hiyo anaondoka nayo. Kesho akiwa karani atafunika kosa la hesabu za ofisi kwa mtindo uleule.

Kuna shule nyingine, na nimeziona, nyingine za serikali zenye sakafu iliyobomoka, ambako mtoto chini ya swali alilokosa lazima aandike kwa maneno yake alikosea wapi. "Nilijumlisha kabla ya kuzidisha, nilisahau MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa)." "Nilisoma 6 nikaandika 9." "Sikuelewa neno riba." Sentensi fupi tu. Lakini huyo mtoto kila siku anakaa na kosa lake, analitazama, analitaja kwa jina, na hakuna anayemcheka.

Kayenze nilifundisha na mama mmoja aliyekuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi alichagua jibu moja lililokosewa kwenye madaftari ya jana, akaliandika ubaoni bila jina la mwenyewe, akauliza: "Huyu mwenzetu alifikiri nini mpaka akafika hapa?" Darasa zima linaanza kumtafutia mwenzao sababu. Mwanzoni mwenye jibu alikuwa anainamia dawati. Muhula ulipokwenda, wenyewe wakaanza kunyoosha mkono: "Mwalimu, ni mimi. Nilidhani mita moja ni sentimita kumi." Sijaona somo la unyenyekevu na ujasiri lililofundishwa vizuri kuliko lile, na lilikuwa ndani ya kipindi cha vipimo.

Mfano wa pili ni wa darasa langu mwenyewe, la tano. Tulitengeneza kipima mvua kwa chupa ya maji iliyokatwa shingo, rula imebandikwa pembeni, tukaisimika juu ya nguzo bustanini, mbali na mabati. Kila kundi lina zamu yake: kusoma kila siku saa moja asubuhi na kujaza jedwali kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa karibu na mlango. Jumamosi na Jumapili walisoma wanaoishi jirani na shule. Jumatatu moja nikakuta Jumapili imejazwa milimita 8. Kayenze nzima inajua Jumamosi na Jumapili ile ilikuwa jua tupu, dagaa walikauka mchangani mpaka mchana. Kundi halikwenda kupima, na waliogopa kuacha chumba cha jedwali wazi.

Niliwauliza darasa: chumba hiki tukifanyeje? Mmoja akasema tufute tuandike sifuri, kwa kuwa kweli haikunyesha. Wengi wakakubali. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema sifuri nayo ni uongo, kwa sababu sifuri maana yake mtu alikwenda akaangalia akakuta hakuna. Walibishana karibu kipindi kizima. Mwisho wakachora kistari, na chini yake wale wenye zamu wakaandika wenyewe: "Hatukupima." Kistari kile kilibaki ukutani mpaka kufunga shule, na mtoto wa kundi jingine alipokosa zamu yake baadaye alichora kistari chake bila kuambiwa na mtu.

Dada, mtu anaweza kukariri kwa mwaka mzima kwamba uaminifu ni nguzo ya taifa na asijue uaminifu unafanywaje siku ambayo chumba kiko wazi na mwalimu anakuja. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na ni jambo jema. Ila maadili yakiachiwa somo moja kwenye ratiba, huku hisabati, sayansi na Kiswahili vinafundishwa kwa kunakili na woga, mtoto ataamini kile anachokiona vipindi vingi zaidi.

Kuhusu fimbo. Ndugu zako wanakushauri kwa mapenzi, wamekulia humo. Lakini jua sheria inasemaje. Kanuni za mwaka 1979, zilizobadilishwa 2002, zinataka viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa la nidhamu, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi, na kila mara viandikwe kwenye daftari maalumu. Kukosa hesabu hakumo. Kuchelewa namba (kuhesabiwa wanafunzi) asubuhi kwa sababu ulikuwa unachota maji nyumbani hakumo. Ukifika shule ukakuta kila mwalimu anatembea na fimbo kwapani kama sehemu ya sare, hiyo shule haifuati hata kanuni hizo, na watoto wanaliona hilo mapema kuliko wazazi. Na ninavyojua mimi darasani, mtoto anayechapwa kwa kukosa swali huacha kuuliza. Akiacha kuuliza, anaanza kuiba majibu ya jirani. Nidhamu inayoonekana pale uwanjani, mistari imenyooka na kimya kizito, ukigeuka tu inavunjika.

Hapa nitakaa kidogo, maana linahusu ufukwe wetu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo mwaloni, pale wavuvi wanapotua, kuna kalenda yake, na shule jirani huipata hata kama haijui. Katika shule moja niliyopita, wavulana wa darasa la sita walikuwa wanapotea siku kadhaa, wanarudi, wanapotea tena. Wasichana walikuwa wanachelewa asubuhi zilezile kwa sababu ya kuanika. Mwalimu wa zamu alikuwa anawasubiri getini, wanapiga magoti, wanafyeka majani, kesho ni vilevile.

Akaja mwalimu mkuu mpya. Alichukua daftari la mahudhurio akalipeleka darasa la sita kama kazi ya takwimu: chora grafu ya mahudhurio ya muhula, halafu chini yake weka alama za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Watoto wakachora wenyewe kitu ambacho wote walikuwa wanakijua na hakuna aliyekuwa amekisema. Kisha wakaeleza: nani anashika taa, nani anavuta wavu, analipwa nini, analala saa ngapi. Grafu ikapelekwa kwenye kikao cha wazazi, na watoto wawili ndio walioisimamia na kujibu maswali ya baba zao. Fikiria mtoto wa miaka kumi na miwili anasimama mbele ya wavuvi watu wazima, anawaamkia, halafu anawaonyesha kwa hesabu kinachomtokea yeye na wenzake, kwa adabu, bila kumtuhumu mtu. Baadhi ya wazazi waliacha kuwachukua wadogo usiku. Wengine hawakuacha, na mahudhurio hayakunyooka yote. Lakini getini magoti yalikwisha, na kila anayekosa alipewa mwenzake wa kumpelekea kazi nyumbani. Yule wa kupeleka kazi naye alikuwa analelewa, pengine kuliko aliyepelekewa.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shule zijenge mambo matatu kwa mtoto: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua kinachomfaa, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Watu wengi huikumbuka sera ile kwa jembe peke yake. Shule nyingi za zama zetu jembe liligeuka adhabu: umechelewa, kalime. Ukienda kutembelea shule uliza shamba au bustani inaendeshwaje. Kama watoto wana daftari la gharama na mauzo, wanajua mbegu zilinunuliwa shilingi ngapi na mchicha ulikwenda wapi, hapo kuna elimu. Shule moja ilimwita mzee mwenye asili ya kisiwa cha Ukara awafundishe watoto kutengeneza mboji na samadi. Wakara wanasifika tangu zamani kwa kulima eneo dogo kwa mbolea ya mifugo bila kulichosha. Watoto wale walimsikiliza mzee asiye na cheti kama wanavyomsikiliza mwalimu. Heshima ya namna hiyo haifundishiki kwa kuimba.

Nikuonye kuhusu jambo moja linalovaa sura nzuri sana: ufaulu. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne liliacha kutaja shule na wanafunzi bora, na mimi nililifurahia. Lakini mabango ya shule kujisifia ufaulu barabarani hayajaisha. Kuna shule niliyoijua kwa karibu ambayo mtoto wa wastani mdogo akikaribia darasa la mtihani, mzazi wake anaitwa na kuambiwa amhamishe au akubali arudie, ili wastani wa shule usishuke. Wenzake wanaona dawati limebaki wazi. Hakuna mahubiri ya upendo ya Ijumaa wala Jumapili yatakayofuta walichokiona. Kwa hiyo muulize mwalimu mkuu waziwazi: wale wa mwisho darasani mnawafanyia nini? Kisha nyamaza umsikilize. Akianza kukutajia jina la mtoto, shida yake na nani anamsaidia jioni, upo mahali pazuri. Akikuonyesha makombe, shukuru, kunywa chai, endelea na safari.

Madarasa yamejaa, hilo halifichiki. Tangu elimu bila malipo ilipoanza shule za umma mwaka 2016 watoto wameongezeka sana, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia hawezi kusahihisha kama mwenye thelathini. Lakini hata humo nimeona walimu wanaogawa darasa kwenye makundi, kiongozi wa kundi anabadilika kila wiki, na aliyeelewa hapewi ruhusa ya kusema jibu, anaruhusiwa kuuliza swali tu mpaka mwenzake afike mwenyewe. Kwa binti yako wa la sita, hilo peke yake lingenitosha kuchagua shule.

Nenda siku ya kawaida, usiende siku ya mahafali. Nenda na watoto wenyewe. Simama karibu na dirisha la darasa usikie: je, kuna mtoto anayesema "sijaelewa" kwa sauti ya kawaida? Na mwalimu anamjibuje? Angalia pia wanavyomsalimia mpishi wa uji na mlinzi, na walimu wanavyowasalimia.

Mwisho, shule iwe karibu na nyumba. Magari ya shule mjini hapa huanza kupita alfajiri sana, mtoto anarudi magharibi amechoka, hana muda wa kukueleza chochote. Ukipanga Buhongwa au Mkolani, usimpeleke mtoto Igoma kwa sababu ya jina la shule. Ukishajua mtaa utakaokaa andika hapahapa, nitakuambia shule ninazozijua upande huo na siku gani nzuri ya kumkuta mwalimu mkuu ofisini.