Ufunguo wa kabati uko kwa nani?

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake kwa bodaboda, degedege halijamwachia. Nikamuuliza, "Bibi, limemshika saa ngapi?" "Tangu adhana ya Isha, mwanangu." Nilipotazama saa ya ukutani, dakika kama 20 zilishapita. Likivuka dakika 5 ni dharura, na kila likiendelea dayazepamu, dawa ya kulikata, nayo inazidi kushindwa kazi.

Dayazepamu yenyewe ilikuwa hatua nne tu kutoka kitandani, kabatini, imefungwa. Ufunguo alikuwa nao sista aliyeshuka maabara. Huku mimi nimeshamchoma mtoto mara mbili, mshipa haupatikani.

Kwa hiyo wewe unayeanza zamu, kabla hata ya chai, uliza ufunguo uko mfukoni mwa nani. Mshipa ukigoma, usiung'ang'anie. Mtoto wa kilo 15 anapata miligramu 7.5 kwa njia ya haja kubwa, yaani mililita 1.5 za ile ampuli ya miligramu 10 kwa mililita 2, kwa bomba lisilo na sindano. Ndivyo tulivyofanya usiku ule, sista aliporudi mbio.

Mshipa ukipatikana, dozi ni miligramu 0.3 kwa kilo, na hapo sasa punguza mkono. Isukume taratibu, dakika mbili hivi, jicho lako likiwa kifuani kwa mtoto. Ukiisukuma kwa mkupuo, pumzi inaweza kukatika, na ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, uwe nayo karibu, si stoo. Sukari ipimwe wakati huohuo. Mara nyingine tatizo lote ni sukari kushuka.

Kosa ninaloliona sana ni kungoja. Dozi ya kwanza ikishaingia, watu wanakunja mikono. Mwambie mwenzako aandae dawa ya pili palepale: fenobabitali miligramu 20 kwa kilo, idondoke kwa dakika 20, au levetirasetamu miligramu 60 kwa kilo kama mnayo, hiyo inaingia ndani ya dakika 10. Kama dawa yenu ya pili ni fenitoini, ichanganye na dripu ya maji ya chumvi tu. Kwenye dekstrozi, dripu ya sukari, inafanya chembechembe. Dayazepamu mbili zikishindwa, usiongeze ya tatu.

Ufunguo wetu siku hizi una kitambaa chekundu, na makabidhiano ya zamu yanaanza nao.