Jibu: Kristo alijitoa mara moja, mbona Misa inaitwa sadaka?

Habari dada. Umekulia Pentekoste hapo Lindi, umeolewa na Mkatoliki huku Ndanda, na padre akisema “Salini ndugu, ili sadaka yangu na yenu ikubalike,” unajiuliza kama Kristo anatolewa upya kila Jumapili.

Hapana. Anza na Waebrania 10:10, alijitoa mara moja tu. Wakatoliki wanaukubali mstari huo kama wewe. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1562, ulifundisha kwamba Misa ni sadaka ile ile ya msalabani, ila inatolewa bila kumwaga damu.

Mimi kilichonifungua macho ni Kutoka 12, Pasaka ya Waisraeli kule Misri. Mwanakondoo alichinjwa, kisha nyumba nzima ikamla usiku ule ule. Kuchinja peke yake hakukutosha, ilibidi wale. Ndiyo maana Yesu, Mwanakondoo wetu, alisema “twaeni, mle”.

Na lile neno “yenu” analosema padre usilipite. Wakati padre anatia maji kidogo kwenye divai, mimi humtaja kimoyomoyo mgonjwa wangu na uchovu wa shambani, vyote viende pamoja na Kristo. Hapo ndipo nawe unatoa.

Kupokea komunyo ni suala jingine. Mwone kwanza paroko, usipange mstari tu.