Kupenda kwanza, sababu baadaye

Mleta mada anasema kuna vitu anavipenda kuliko vingine, lakini akibanwa aeleze kwa nini anababaika, na ndugu zake wanamwambia hajui anachotaka. Mkuu, mimi ningemwogopa zaidi yule ambaye sababu zinamtoka harakaharaka.

Niliwahi kuhangaika kuchagua kati ya vyumba viwili vya kupanga. Nikachora jedwali kwenye daftari: ukubwa, kodi, kelele, umbali wa kazini, kila kipengele alama 10. Kikashinda cha kwanza, na moyo ukanishuka. Nikarudi kwenye ukubwa, nikakiongezea cha pili alama 2, nikijiambia nilikuwa nimekionea. Bado kikashindwa. Nikaona eti umbali si hoja sana, nikaufuta. Mara ya tatu ndipo nikajicheka: nilikuwa mwalimu anayemsahihishia mwanawe mtihani.

Baadaye nikasoma jaribio la watafiti Petter Johansson na Lars Hall wa Sweden, la mwaka 2005. Mtu alioneshwa picha mbili za sura, akachagua inayomvutia, kisha akapewa aliyoichagua ili aeleze sababu. Mara nyingine, kwa kiinimacho cha mkono, alipewa ile aliyoikataa. Wengi hawakugundua! Wakaitetea bila wasiwasi, hata kwa kutaja vitu kama hereni ambazo sura waliyoichagua mwanzo haikuwa nazo. Hawakuwa waongo. Sababu waliitunga palepale, nao wakaiamini.

Kwa hiyo mchangiaji wa juu anayesema "andika faida na hasara, basi" namkubalia nusu. Kwa mkopo au mkataba, andika, tena mara mbili. Kwa rangi ya ukuta au nguo ya kuvaa, jedwali litakupa jibu la kuwaeleza watu, si lazima liwe lile utakalofurahi kuishi nalo. Mimi bado nalichora, ila siku hizi ninachokiangalia ni uso wangu matokeo yakitoka.

Chumba nilichukua cha pili. Kelele zipo kama nilivyozipa alama, na safari ya kazini inachosha. Mgeni akiniuliza kwa nini nilikipenda, namwonesha mti ulio mbele ya dirisha, na ninasema hivyo kwa uhakika kabisa. Juzi nimelifungua lile daftari. Mti haumo.