Kwa mwanangu aliyerudi darasani

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Paje hatujambo, na kikohozi cha baba yako kimepungua. Juzi kwenye simu uliniuliza: umeacha kazi ya mapokezi hotelini, unasomea uuguzi na watoto wa umri wa mwanao, je, miaka yote ile imekwenda bure? Simu ikakatika. Nimeona bora nikuandikie.

Haikwenda bure. Mwani ulipoanza kulimwa pwani yetu, mwaka 1989, mimi nilikuwa mtu wa makumbi ya nazi. Tukiyafukia topeni kwa miezi, tukiyafukua yananuka, tukiyaponda, kisha tunakaa barazani kusokota kamba. Kijana aliyekuja kutufundisha mwani alikuwa sawa na mdogo wangu wa mwisho. Alituonesha kukita vijiti, kuwamba kamba na kufunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba: fundo likikaza linakata shina, likilegea wimbi linachukua. Lakini bamvua, siku zile maji yanapokupwa na kujaa sana, hakutufundisha yeye. Maji yanatoka siku gani, yanarudi saa ngapi, mkondo unapita wapi, hayo tulikuwa nayo tangu kwenye makumbi, na mwisho akawa anatuuliza sisi.

Baadaye kotoni, ule mwani wenye bei, ukaanza kufa kwa joto la maji, tukabaki na spinosamu wa bei ndogo. Ndipo wengine tukaingia kwenye sabuni ya mwani. Nikajifunza tena, safari hii kupima kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, kwenye mizani, mimi niliyezoea kukadiria kwa jicho.

Sasa wewe. Pale kaunta umepokea watu wangapi waliofika usiku wa manane, wamechoka, hasira ziko puani, mizigo imepotea, na lugha hamuelewani? Ukawatuliza. Mgonjwa naye anafika hivyo hivyo, tena huyu anaogopa. Hilo unaingia nalo wodini tayari, na wenzako wengi darasani bado hawajalipata.

Dozi za dawa ni jambo jingine. Hapo kaunta haikusaidii kitu, na yule binti anayekaa jirani yako kakutangulia. Umesema unaona haya kumuuliza namna ya kupima presha. Muulize, mwanangu, tena mbele za watu. Mimi mwani haukunishinda. Kilichonikaa rohoni ni kuambiwa na kijana yule, "Bibi, fungua fundo hilo, ufunge tena," wenzangu wote wakisikia. Nilifungua. Nikafunga. Akanionesha mara nyingine, na bamvua lililofuata mimi ndiye niliyekuwa nawaonesha waliochelewa kuja.

Watoto walete huku mitihani ikikaribia, usingoje nikuombe. Mdogo aje na daftari lake la hesabu, mjomba wake atamsimamia. Na nauli ya kuwaleta usiitoe kwenye pesa ya ada, nitaituma mimi.

Mamaako