Mama mkwe na chupa saba za chai

Shikamoo Shangazi. Ninaishi Walukuba, Jinja, pamoja na mume wangu, watoto watatu na, tangu mwezi wa Rajabu, mama mkwe wangu aliyehamia kwetu kutoka Bombo. Alikuja na vyombo vyake vyote: chupa saba za chai, sufuria kubwa za shughuli, makawa, magunia ya nafaka na makopo matupu yasiyo na idadi. Jiko letu ni la hatua nne kwa tatu. Magunia yameziba dirisha, na mvua ikinyesha ninawasha sigiri humo humo ndani. Wiki mbili zilizopita alikwenda matangani, nami nikatupa vilivyochakaa, kikiwamo kibuyu kilichopasuka. Kumbe kilikuwa cha marehemu mama yake. Tangu siku hiyo hagusi chakula changu; hujinunulia chapati barabarani. Mume wangu amenyamaza. Nifanyeje nipate mahali pa kupikia bila kuvunja nyumba?
Niliyebanwa, Walukuba

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye dirisha. Mengine yatasubiri, lakini magunia hayo yaondoe leo hii, hata kama yatalala sebuleni. Makaa yanayowaka mahali pasipopitisha hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, hivyo anayeivuta huumwa kichwa na kushikwa na kizunguzungu akidhani ni uchovu wa kazi, na akilala humo anaweza asiamke. Watu wengi huiamini sigiri iliyokwisha kukolea, yenye makaa mekundu yasiyotoa moshi, na kumbe gesi bado inatoka. Mvua ikinyesha pikia barazani chini ya paa, na usiku usiiingize sigiri chumbani kwa ajili ya joto, hata kama mtoto anatetemeka, mwongezee blanketi.

Sasa kibuyu. Ulikosa, na sitakupamba kwa maneno. Mtu mzima anapohamia kwa mwanawe huacha nyumba aliyokuwa akiiamuru mwenyewe, akabaki na vile tu vilivyoenea kwenye gari, nawe ukapunguza hivyo hivyo vichache akiwa matangani. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mumeo wala mtoto, upige magoti kama ilivyo desturi yetu na umwombe radhi kwa kibuyu peke yake. Usitaje udogo wa jiko, wala usiseme kwamba kilikuwa kimepasuka, kwa sababu ukishasema “nisamehe, lakini”, hujaomba radhi tena, umeanza kesi. Kisha muulize mama yake alikitumia kwa kazi gani, maziwa au maji, ukae umsikilize mpaka amalize. Usitarajie ale kwako jioni hiyo hiyo.

Atakapolegea, mwombe msaada wa kuchambua nafaka, maana mwanamke aliyehifadhi chakula miaka yote hiyo anajua mengi kukuzidi, na juu ya karanga zilizooza hakuna wa kugombana. Kaeni barazani na nyungo mbili asubuhi ya jua, mfungue gunia moja baada ya jingine. Karanga na mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kusinyaa yatupwe yote, wala msimpe kuku, kwa kuwa kuvu hizo zinaweza kutoa sumu kuvu inayoharibu ini, na sumu hiyo haimaliziki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Karanga mtakazosaga zichunguzeni kwa makini zaidi, kwani ukisaga huioni tena punje mbovu. Maharagwe yakiwa na vitundu vya wadudu, pepeteni, yaanikeni juani mpaka yakauke kabisa, kisha myajaze hadi shingoni katika madumu makavu yenye mifuniko inayobana. Hewa iliyobaki ndani ikiisha, wadudu nao hufa. Hapo baadhi ya makopo yake matupu yatapata kazi, naye ataona kwamba hakuyabeba bure kutoka Bombo. Yaliyowahi kutiwa rangi au dawa ya mimea hayaoshwi yakafaa, hayo yatoke. Na kama mafuta ya taa mnayaweka katika chupa ya soda karibu na mafuta ya kupikia, kama nyumba nyingi zifanyavyo, yahamishieni nje ya jiko, juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Vyombo vitakuwa vyepesi baada ya hapo. Kinachotumika kila wiki kibaki karibu na mkono: sufuria tatu, mwiko, visu, beseni la kuoshea, kinu na mchi. Sufuria za shughuli ziingizwe moja ndani ya nyingine, zifungwe katika gunia safi na kusukumwa chini ya kitanda chake, si chako, ili zibaki mali yake hata jirani atakapokuja kuziazima kwa ajili ya harusi. Makawa ya kusukwa mnayarundika kwa nini? Yatundikeni ukutani, yapendeze. Ama chupa saba za chai, mwambie jiko linabeba tatu, achague yeye zipi, wala usiulize kwa nini amechagua ile isiyohifadhi joto. Mimi ninayo moja ya namna hiyo hapa kwangu, na anayetaka kuitupa anitupe nami.

Mumeo aliyenyamaza usimfanye hakimu. Mpe vipimo vya ukuta ulio juu ya dirisha, mwambie alete mbao mbili, misumari na vyuma vya kushikilia rafu, na Jumamosi apigilie, huku mama yake akimwelekeza urefu anaoufikia bila kupanda kigoda.