Himeru si kuficha ufunguo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kamusi yangu inasema kitenzi cha Kijapani himeru maana yake ni "kuficha". Niliandika kagi o himeta, yaani nimeficha ufunguo, nikakosolewa. Tena kwenye magazeti nakutana zaidi na himete iru kuliko himeru. Kwa nini?

JIBU: Marahaba. Sarufi yako ni sawa, ila ufunguo ndio uliokuponza. Ufunguo, pesa au barua hufichwa kwa kakusu: kagi o kakushita. Himeru (秘める) ni ya yale yaliyomo ndani: mapenzi, huzuni, azma, kipaji, nguvu. Ndiyo maana husemwa mune ni himeru, kuweka kifuani, au uchi ni himeru, kuweka ndani ya nafsi. Kanji yake, yaani herufi 秘 yenye asili ya Kichina, ndiyo inayoanza neno himitsu, siri.

Sasa hapa ningependa utulie kidogo, maana kamusi nyingi hupapita haraka. Kinachofichwa kikiwa hisia, mwenyewe anajua na ameamua. Kanashimi o mune ni himete iru: huzuni yake ameiweka moyoni, hamwambii mtu. Kikiwa kipaji, hakuna uamuzi wowote. Kono ko wa sainō o himete iru husemwa hata kama mtoto mwenyewe hajui kwamba amejaliwa. Hata kitu kisicho na roho huweza kuwa kiima: kono gijutsu wa ōkina kanōsei o himete iru, teknolojia hii ina uwezo mkubwa ambao bado haujajitokeza. Ukitafsiri hapo kwa "inaficha", msomaji atadhani kuna hila. Mimi husema "kipaji kimejificha ndani yake", na maana inafika.

Kuhusu -te iru, ule mwisho wa himete iru uliouliza, sisi Waswahili tuna bahati. Tunaposema "amevaa" au "ameketi", tendo limepita na hali yake ingalipo. Himete iru ni hivyohivyo: ameliweka moyoni, na bado limo. Kabla ya nomino utaona himeta, kama himeta omoi, hisia alizoziweka moyoni. Mwanamichezo mpole wa sura lakini mwenye ari kali huelezwa kwa tōshi o uchi ni himeta.

Himeru ni ya maandishi zaidi. Ukiongea na rafiki kuhusu jambo ulilolifanya siri, himitsu ni shite iru inatosha.